Usitishaji mapigano huvunjikia kwenye yale yasiyoandikwa

Msomaji wa kweli wa mkataba wa kusitisha mapigano ni kamanda wa kikosi kidogo aliye handakini, mbali na ukumbi wa mazungumzo. Atapata amri kwa redio akiwa amechoka, na pengine amezika wenzake wiki hiyo hiyo. Anahitaji kujua mambo manne tu: aache kufyatua saa ngapi, abaki wapi, afanye nini akichokozwa, na nani atakuja kuchunguza akisema si yeye aliyeanza. Ukisoma mikataba iliyovunjika utakuta mara nyingi ilimjibu swali moja au mawili, mengine ikamwachia ajijibu mwenyewe. Naye hujijibu kwa bunduki, maana ndiyo aliyo nayo mkononi.

Kwa hiyo nitazungumzia karatasi zaidi kuliko nia. Nia njema husifiwa mno katika kazi ya upatanishi. Pande mbili zinaweza kuitaka amani kwa dhati na bado zikapigana ndani ya siku tatu, kwa sababu kila upande uliamini kwamba kilima fulani ni chake.

Tuanze na saa. Mkataba wa Korea ulitiwa saini Panmunjom saa 4 asubuhi, Julai 27, 1953, ukaanza kutumika saa 4 usiku siku hiyo hiyo. Saa 12 hizo ziliwekwa makusudi ili amri ishuke kutoka makao makuu hadi kwenye mizinga ya mstari wa mbele. Kisha pande zote zikapewa saa 72 kurudi nyuma kilomita mbili kila upande wa mstari uliochorwa. Kila kipimo kilikuwa na mwanzo na mwisho. Mazungumzo yenyewe yalichukua zaidi ya miaka miwili, sehemu kubwa kwa sababu ya suala la wafungwa wa kivita, lakini maandishi yaliyotoka yangali yanasimama hadi leo ingawa mkataba kamili wa amani haukuwahi kupatikana.

Sasa linganisha na Minsk. Makubaliano ya pili kuhusu mashariki mwa Ukraine yalifikiwa Februari 12, 2015, na risasi zilitakiwa kunyamaza saa 6 usiku kuamkia Februari 15. Siku mbili na zaidi zilibaki wazi, na mji wa Debaltseve, uliokuwa na jeshi la Ukraine, ulikuwa karibu kuzingirwa na waasi walioungwa mkono na Urusi. Maandishi hayakusema mji huo uko upande gani wa mstari. Mapigano hayakusimama pale saa ilipofika, na kufikia Februari 18 mji ulikuwa umetekwa. Muda kati ya saini na kunyamaza kwa bunduki unapaswa kutosha safari ya amri, basi. Ukizidi hapo, kila kamanda anauona kama nafasi ya mwisho ya kujiongezea ardhi. Wapiganaji waliotawanyika msituni bila redio huenda wakahitaji siku tatu, na hilo si kosa, ila ndani ya siku hizo mwendo wote wa vikosi uwe umegandishwa kuanzia dakika ya saini. Na saa iandikwe mara mbili, ya mahali penyewe na ya kimataifa, ili asitokee wa kudai kwamba alihesabu kwa saa nyingine.

Ramani ndiyo inayoua mikataba mingi zaidi. Makubaliano ya N'Djamena ya Aprili 8, 2004 kuhusu Darfur, magharibi mwa Sudan, hayakuwa na ramani iliyokubaliwa ya vikosi vilipo. Waangalizi wa Umoja wa Afrika wakatumwa kusimamia eneo linalokaribiana na Ufaransa kwa ukubwa bila kuwa na msingi wa kusema nani amesogea mbele na nani amekuwapo hapo tangu mwanzo. Kikosi kikikutwa kijijini, kamanda alisema tulikuwapo. Mpinzani wake akasema waliingia jana. Mwangalizi akaandika kauli zote mbili, akaondoka. Miaka miwili kabla ya hapo, katika nchi hiyo hiyo, usitishaji mapigano wa Milima ya Nuba uliotiwa saini Bürgenstock, Uswisi, Januari 19, 2002 ulikwenda vizuri mno. Waangalizi hawakubeba silaha. Kila timu ilikuwa na mtu wa serikali, mtu wa waasi wa SPLA na mgeni, wote wakisafiri na kulala pamoja. Tofauti kati ya mapatano haya mawili haikuwa bajeti peke yake. Kule Nuba, wale waliogombana walilazimika kutazama tukio lile lile kwa pamoja.

Jinsi ya kutayarisha ramani inafahamika, tatizo ni kwamba hufanywa kwa haraka usiku wa mwisho. Kila upande unaonyesha vituo vyake kwa siri kwa mtu wa tatu anayeaminika, na unafanya hivyo kabla ya saini, maana baada ya saini kila mmoja atatangaza vituo anavyotamani kuwa navyo. Mtu wa tatu analaza ramani moja juu ya nyingine na kuona mahali ambapo madai yanagongana. Sehemu hizo, ambazo kwa kawaida ni chache, zinaorodheshwa kwenye kiambatisho na ndizo zinazotembelewa kwanza na waangalizi, ikiwezekana ndani ya saa 48. Mstari unaelezwa kwa nambari za majira-nukta, yaani nambari zinazotaja mahali kamili, si kwa wino peke yake. Mstari wa kalamu wenye unene wa milimita moja kwenye ramani ya kipimo cha 1:50,000 unafunika mita 50 za ardhi. Kwenye ramani ya 1:250,000 unafunika mita 250, na ndani ya mita 250 kinaingia kisima, daraja au kilele kizima. Tena, ramani za zamani na vifaa vya satelaiti vya leo mara nyingi havitumii msingi mmoja wa vipimo, na nambari zile zile zinaweza kuhama mita mia kadhaa. Msingi unaotumika utajwe. Halafu iandikwe sentensi moja inayosahaulika sana: maandishi na ramani vikipingana, kipi kinafuatwa.

Baada ya saa na mahali linakuja swali la nini hasa kimekatazwa. "Kusitisha uhasama wote" ni maneno matamu yasiyomfaa mwangalizi aliyesimama barabarani. Je, kuchimba handaki jipya ni ukiukaji? Kurusha droni ya kupeleleza? Kubadilisha kikosi kilichochoka kwa kikosi kipya? Kuleta mafuta ya magari? Kuzuia lori la chakula cha raia? Matangazo ya redio yanayochochea mauaji? Kila jambo lisilotajwa litafanywa, na litafanywa na upande unaonufaika. Badala ya kukataza kila kitu, jambo lisilotekelezeka, inafaa kuruhusu baadhi ya mambo kwa taarifa. Kikosi kinaweza kubadilishwa, mtu kwa mtu, bila silaha nzito zaidi ya zilizokuwapo, taarifa ikifika saa 48 kabla. Chakula na dawa vinapita, risasi hazipiti. Minsk ilijaribu kuwa wazi hapa: mizinga ya milimita 100 na zaidi iondolewe hadi pawepo upana wa kilomita 50 kati ya pande mbili, mitambo ya roketi nyingi kilomita 70, na mifumo mizito zaidi kilomita 140. Hiyo ni lugha nzuri, inayopimika. Kilichokosekana ni utaratibu wa kupeleka suala ngazi ya juu zaidi siku kipimo kinapovunjwa.

Uthibitishaji una adui mmoja mkubwa, nao ni ruhusa. Mkataba unaosema waangalizi "watatoa taarifa" kabla ya kusafiri ni tofauti kabisa na ule unaosema "wataomba kibali". Kibali kinaweza kuchelewa saa sita, na saa sita zinatosha kuosha damu, kuondoa maganda ya risasi na kufukia shimo la kombora. Shimo lenyewe ni shahidi: umbo lake na jinsi udongo ulivyorushwa humwonyesha mtaalamu upande ambao kombora lilitoka, na vipande vya chuma huonyesha aina ya silaha. Ushahidi huo unaharibika kwa mvua na kwa magurudumu ya malori. Timu inayofika siku ya tatu inabaki kusikiliza hadithi. Waangalizi wa OSCE, shirika la usalama na ushirikiano la Ulaya, nchini Ukraine walikuwa na magari, kamera na ndege zisizo na rubani, lakini doria zao zilifanyika zaidi mchana, na sehemu kubwa ya milio ilikuwa ya usiku. Isitoshe, ujumbe wenyewe uliishi kwa ridhaa ya nchi zote 57 wanachama. Muda wake ulipokwisha Machi 31, 2022 bila kuongezwa, ukafungwa.

Mfano ulio wazi zaidi wa ujumbe kunyongwa polepole ni ule wa Ethiopia na Eritrea. Vita vilivyoanzia mji wa mpakani wa Badme mwezi Mei 1998 vilisimamishwa kwa makubaliano ya Juni 18, 2000, na Desemba 12 mwaka huo ukatiwa saini Mkataba wa Algiers. Ukawekwa ukanda wa usalama wenye upana wa kilomita 25 ndani ya Eritrea, umbali uliokusudiwa kuweka majeshi nje ya masafa ya mizinga. Umoja wa Mataifa ukapeleka askari hadi 4,200. Tume ya mipaka ikatoa uamuzi Aprili 13, 2002, na kwa mujibu wa mstari ule Badme iliangukia Eritrea. Pande zote zilikuwa zimekubali mapema kwamba uamuzi utakuwa wa mwisho na wa kufungamana nao. Ethiopia haikuutekeleza. Hakuna kifungu kilichosema nini kifuate ikiwa mmoja atakataa, na Baraza la Usalama halikuwa tayari kumbana mtu. Eritrea ikaelekeza hasira yake kwa wageni waliokuwa ndani ya ardhi yake: Oktoba 2005 ikapiga marufuku helikopta za Umoja wa Mataifa. Bila helikopta hakuna kumwokoa majeruhi wa bomu la ardhini kwa wakati, na bila uwezo huo hakuna kamanda makini anayeacha watu wake kwenye kituo cha mbali. Vituo vikaanza kufungwa. Baraza lilidai marufuku iondolewe kupitia Azimio 1640 la Novemba 2005, haikuondolewa. Baadaye mafuta yakabanwa, na Julai 2008 ujumbe ukafungwa rasmi. Nchi hizo mbili zilitangaza mwisho wa vita Julai 2018, miaka 16 baada ya uamuzi wa mpaka.

Somo la hapo ni la kifundi. Mafuta, anga, mawasiliano ya redio na njia ya kuwatoa majeruhi viwekwe kwenye mkataba kama masharti, si kama huduma ambayo mwenyeji atatoa akipenda. Na mkataba wowote unaokabidhi jambo kwa mahakama au tume uwe na ukurasa wa kushindwa: nani anaitwa, ndani ya siku ngapi, na hatua gani inafuata.

Hapo ndipo watu hugeukia Baraza la Usalama, wakidhani lina jeshi. Halina. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1945, katika ibara ya 43, ulikusudia nchi wanachama ziweke askari tayari kwa ajili ya Baraza kwa makubaliano maalumu, na makubaliano hayo hayajawahi kufungwa na nchi hata moja. Kwa hiyo kila ujumbe huanza sifuri. Nchi moja, mara nyingi mwanachama wa kudumu wa Baraza, huandika rasimu ya azimio. Rasimu inahitaji kura tisa kati ya 15, pasipo kura ya turufu ya Marekani, Uingereza, Ufaransa, Urusi au China. Kutopiga kura hakuhesabiki kuwa turufu. Azimio likipita, Sekretarieti ya Umoja wa Mataifa inaanza kubisha hodi kwa mataifa moja baada ya jingine ikiomba vikosi. Vifaa vinakaguliwa, mkataba na kila nchi unaandikwa, na gari la deraya lisilowaka halilipiwi. Bajeti inakwenda kwa Kamati ya Tano ya Baraza Kuu, na mwaka wake unaanza Julai 1. Ripoti ya jopo la Umoja wa Mataifa lililoongozwa na mwanadiplomasia Lakhdar Brahimi mwaka 2000 ilipendekeza ujumbe wa kawaida uwe uwanjani ndani ya siku 30 na ule mgumu ndani ya siku 90. Mara nyingi hilo halifikiwi. Kiwango cha kumrudishia gharama mtoa askari kiliwekwa dola 1,428 kwa askari kwa mwezi mwaka 2018, na kwa kuwa mataifa makubwa huchelewesha michango yao, nchi zinazotoa askari, nyingi zikiwa si tajiri, ndizo zinazobeba deni. Naona hili ni dhuluma, na lina matokeo ya kivita: nchi inayodai fedha haiharakishi kupeleka kikosi cha pili.

Idadi nayo huamuliwa na kile wajumbe wa Baraza wako tayari kulipia, halafu jukumu linaandikwa kana kwamba idadi haijalishi. Srebrenica ilitangazwa eneo salama kwa Azimio 819 la Aprili 1993. Makadirio ya Sekretarieti yalisema wanajeshi wapatao 34,000 wangehitajika kuzuia mashambulizi kwenye maeneo salama yote ya Bosnia; Baraza likachagua njia nyepesi ya takriban 7,600. Julai 1995 mji ulianguka mbele ya kikosi kidogo chenye silaha nyepesi, na wanaume na wavulana wapatao 8,000 waliuawa. Rwanda, ujumbe uliotumwa kusimamia Mkataba wa Arusha wa Agosti 4, 1993 uliidhinishiwa watu 2,548. Mauaji ya kimbari yalipoanza Aprili 1994 na askari kumi wa Ubelgiji wakauawa, Baraza liliupunguza hadi watu 270 kwa Azimio 912 la Aprili 21. Mwezi uliofuata likaidhinisha 5,500, lakini wengi wao walifika mauaji yakiwa yamekwisha. Yeyote anayeandika rasimu anapaswa kuwa na tarehe hizo mezani. Raia wanaosikia kwamba eneo lao ni salama hukusanyika hapo, na wakikusanyika wanakuwa rahisi zaidi kuuawa. Kama askari hawapo, eneo lisitangazwe; watu waambiwe ukweli wapate kukimbia.

Jukumu lililo wazi likiandamana na askari waliokwishapatikana huleta matokeo. Azimio 2098 la Machi 2013 liliunda brigedi ya kuingilia kati mashariki mwa Kongo, askari 3,069 kutoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, likawaruhusu kushambulia makundi yenye silaha. Wakipigana pamoja na jeshi la Kongo, waliwashinda waasi wa M23 kufikia Novemba mwaka huo. Desemba yakafuata matamko ya Nairobi kuhusu msamaha na kuwarudisha wapiganaji uraiani, na utekelezaji wake ukasuasua miaka na miaka. Kundi likaibuka tena mwishoni mwa 2021, na Januari 2025 likaichukua Goma.

Turufu inapofunga mlango, njia hazijaisha zote. Tangu Azimio 377 la mwaka 1950, Baraza Kuu linaweza kuitishwa kwa kikao cha dharura. Ndivyo ilivyofanyika kuhusu Ukraine, na Machi 2, 2022 nchi 141 zikaunga mkono azimio la kuitaka Urusi iondoe majeshi yake. Azimio hilo halimlazimishi mtu kisheria, lakini linaweka kumbukumbu inayotumika mahakamani na kwenye mazungumzo ya baadaye. Njia nyingine ni kutoka nje ya Umoja wa Mataifa kabisa. Baada ya Misri na Israeli kupatana, ilionekana Baraza lisingekubali kupeleka kikosi Sinai, hivyo kikaundwa kikosi huru cha mataifa kadhaa kilichoanza kazi 1982 na kipo hadi leo. Kwa Afrika, Azimio 2719 la Desemba 2023 lilifungua uwezekano wa operesheni za Umoja wa Afrika kulipiwa hadi asilimia 75 kutoka michango ya lazima ya Umoja wa Mataifa, kila operesheni ikiamuliwa peke yake. Asilimia 25 iliyobaki itafutwe mapema, kabla askari wa kwanza hajapanda ndege.

Anayetaka kuona karatasi iliyoandikwa na watu waliofikiria kushindwa asome jinsi Bakassi, rasi iliyogombewa na Nigeria na Cameroon, ilivyokabidhiwa. Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua Oktoba 10, 2002 kwamba rasi hiyo ni ya Cameroon. Nigeria ilikuwa na askari pale, na wakazi wengi walijihesabu Wanigeria. Mahakama hiyo haina polisi. Ibara ya 94 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa humpeleka mshindi kwenye Baraza la Usalama, na Nicaragua, iliyoishinda Marekani mahakamani hapo, iliona mwaka 1986 kinachotokea aliyeshindwa akiwa na turufu. Kofi Annan, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa wakati huo, hakungoja kufika huko. Aliwakalisha marais wawili, ikaundwa tume ya pamoja chini ya Umoja wa Mataifa, na Juni 12, 2006 ukatiwa saini Mkataba wa Greentree. Majeshi ya Nigeria yaondoke ndani ya siku 60, na nyongeza, ikilazimu, isizidi siku 30. Sehemu moja ibaki chini ya utawala wa kiraia wa Nigeria kwa kipindi cha mpito. Wakazi wasilazimishwe kuhama wala kubadili uraia, na haki zao za uvuvi na ardhi zilindwe. Marekani, Uingereza, Ufaransa na Ujerumani zikatia saini kama mashahidi, na kamati ya ufuatiliaji ikawekwa kusuluhisha tafsiri. Majeshi yaliondoka Agosti 2006 na makabidhiano yakakamilika Agosti 14, 2008. Kupima mpaka uliobaki na kusimika nguzo zake kuliendelea miaka mingi baada ya hapo, nguzo moja moja.